Kumi na Nne Mpaka Kwenye Mringaringa

Baba,

Shikamoo. Barua ulizonifundisha kuandika nilipokuwa bwenini zilianza kwa kuulizia hali ya anayeandikiwa. Katika hii nimeiruka sehemu hiyo. Hali yako nilitakiwa kuiulizia mapema, tena kwa macho, siyo kwa kalamu.

Naandika nikiwa ghorofani, juu ya duka, kwenye kile chumba ulichonipa niweke meza yangu ya kuchorea ramani. Chini Mama anauza misumari na bawaba, na bei anazijua kuliko ulivyokuwa unazijua wewe, usiudhike. Kariakoo ni ileile. Spika za wamachinga zimeanza tangu asubuhi, guta la mizigo limekwama katikati ya barabara na kila anayepita anatoa ushauri, na kuna mtu amepanga viatu vya mtumba kwenye ngazi zetu kama vile alirithi ngazi hizo kwa babu yake. Ungekuwepo ungemfukuza, halafu ungemuuzia kufuli.

Nakuandikia kuhusu nyumba. Kuna mambo yametokea tangu uondoke, na mengine nimeyafanya mimi. Nitayaeleza kwa mpangilio, maana nikianza na yale ya mwisho sitafika popote.

Unakumbuka siku nilipokushushia mchoro wa kwanza dukani. Ulivaa miwani, ukaivua, ukaivaa tena. Ukaniuliza, "Mama, ukuta uko wapi?" Nikakwambia hakuna ukuta, Baba, paa ndilo ukuta. Linaanzia chini pande zote mbili, linakutana juu, kama herufi A. Mbele ni kioo kitupu ili mtu aone miti na mlima. Ukamgeukia Bi Zuhura, yule jirani yetu wa Lindi anayeuza kanga upande wa pili wa barabara, ukamwambia, "Nimesomesha mtoto chuo kikuu aje anijengee paa." Bi Zuhura alicheka mpaka chai ikamwagikia kanga za watu. "Mangi," alikuambia, "hilo ni tenti, utalala kama mkimbizi."

Halafu ukaanza maswali yako. Picha ya harusi tutaitundika wapi, ukuta ukiwa umelala? Itaning'inia kama shati kwenye kamba. Kabati la vyombo la Mama litaegemea nini? Nilikujibu moja moja, kwa ule mdomo wangu unaoujua. Picha itakaa kwenye boriti, kabati litakuwa fupi na litakaa pale paa linapokutana na sakafu, juu kutakuwa na dari ya mbao ya kulala wajukuu wote. Ukaigeuza karatasi, ukaitazama kwa mbali. Ukasema bibi alizaliwa kwenye nyumba ambayo nyasi za paa zilifika chini mpaka mbuzi wanazila, na mvua ya mlimani haikuwahi kuingia. "Kumbe umeninyooshea nyumba ya bibi yako," ukasema. "Haya. Chora."

Masharti yako yalikuwa mawili. Nisikate mti hata mmoja kwenye kihamba cha juu, lile shamba letu la migomba linalopakana na msitu. Na mbao azinyanyue mdogo wako, Baba Mdogo, kwa mikono yake, siyo fundi wa kuokota mjini. Ulisema kila Desemba tunapanda Moshi watu ishirini, tunalala tumepangana kama dagaa kwenye nyumba tatu, na kila mmoja anakula kwake akinuna. Ulitaka paa moja. Nilikubali yote mawili kwa sababu yalikuwa rahisi, au niliyaona rahisi.

Krismasi ile sikupanda nanyi. Nilikuwa na kazi ya mteja ya kukabidhi, na nilikuwa na kiburi cha mtu mwenye kazi ya kukabidhi. Nikakuomba unipimie kiwanja. Sikukuambia uchukue tepu. Nani angekuambia Mangi Mita achukue tepu? Mtaa mzima ulijua hatua yako ni mita moja kamili. Wateja wa nyaya walikuja na tepu zao kukujaribu, ukatembea mbele yao pale kibarazani ukihesabu kwa sauti kama mwalimu wa jeshi, wakapima, wakakuta ni ileile, wakalipa kimya. Nimekua nikisikia sauti yako ikihesabu. Uliwahi kuhesabu mpaka njia ya kanisani kuelekea madhabahuni siku ya harusi ya dada, na maikrofoni ikakunasa.

Ukanipigia simu ukiwa kule juu. Nilisikia upepo kwenye migomba. Ukasema, "Kumi na nne, mama. Kutoka kwenye isale mpaka kwenye shina la mringaringa. Chora sasa." Ulikuwa unahema. Nikakuuliza mbona unahema, ukasema mlima ni mlima. Nikacheka.

Nikachora. Mita kumi na nne kutoka kwenye isale, ule mmea wetu wa mpaka, hadi kwenye mti, nikaacha mbili kila upande ili mizizi ipumue na jirani asilalamike, nikabaki na nyumba ya mita kumi kwa urefu. Fremu kumi na moja za herufi A, kila moja mita moja kutoka kwa mwenzake. Vyumba viwili chini, cha kwako na cha wageni. Ulikuwa mchoro mzuri, Baba. Nasema hivyo kama mtu wa kazi. Uliuona umekamilika mwishoni mwa Januari, ukaubandika dukani pembeni ya kalenda, ukawa unawaonyesha watu waliokuja kununua bawaba tu.

Februari ukaondoka. Daktari alisema moyo ulikuwa umechoka kwa muda mrefu. Aliposema muda mrefu nilidhani ana maana ya wiki.

Tulikuzika kihambani, kama ulivyotaka, chini kidogo ya mringaringa. Siku ile hakuna aliyepima kitu. Mbao Baba Mdogo alishaanza kuzipasua na kuzikausha, na baada ya mazishi aliendelea nazo. Alinipigia simu akasema fremu zote kumi na moja ziko tayari chini ya turubai, nije kuonyesha wapi pa kuchimba msingi.

Nikapanda Juni, mimi na Mama. Nilikuwa na tepu, vigingi na kamba. Nikafunga ncha ya tepu kwenye isale, nikatembea nayo mpaka kwenye mringaringa.

Mita kumi na moja.

Nikapima tena. Nikamwita Mama ashike upande mmoja. Kumi na moja. Nikiacha zile mita mbili upande wa isale, nyumba yangu ya mita kumi ilikuwa inaingia kwenye shina la mti; nikiziacha upande wa mti, inavuka mpaka.

Sasa sikiliza nilivyofikiri, maana nataka ujue ilivyokuwa, bila kupambwa. Hatua yako haikosei. Hilo kwangu lilikuwa sawa na kwamba jua linachomoza mashariki. Mringaringa hauhami. Kilichobaki ni isale. Na upande wa pili wa isale ni shamba la nani? La Baba Mdogo. Hesabu yangu ilifunga vizuri kabisa, ndiyo maana niliiamini.

Sikumwita pembeni. Nilisema palepale, mbele ya Mama na shangazi na majirani wawili waliokuja kutusalimia. Nilisema, "Baba Mdogo, isale halina miguu. Mita tatu zimeenda wapi?"

Unajua neno hilo lina uzito gani kule nyumbani. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba isale ndilo mpaka, ndilo linalosimama kaburini, na ndilo mtu anabeba akienda kuomba msamaha. Anayelihamisha hata hatua moja hatazamwi tena usoni. Na mimi nilimtupia mdogo wako neno hilo ukiwa una miezi minne ardhini, palepale alipokuwa ananijengea.

Aliangalia tepu. Aliangalia kaburi lako. Akafungua mdomo, Baba, nakumbuka vizuri kwamba alifungua mdomo, halafu akaufunga. Akasema, "Sawa, mwanangu." Akakusanya msumeno, randa na nyundo yake, akaviweka kwenye gunia, akaenda kwake. Mimi nikaona kunyamaza kwake ni kukiri.

Tulirudi Dar na Mama kwa basi. Tulipofika Ubungo ndipo aliposema, "Umetuvunjia nyumba kabla haijajengwa." Akachukua mkoba wake akashuka.

Tangu hapo simu zangu Baba Mdogo hakuzipokea. Nikatafuta mafundi wengine, wakakataa wote kwa heshima. Hakuna anayechimba msingi kwenye mpaka wenye maneno. Fremu zikabaki chini ya turubai, mvua ikaingia pembeni. Shangazi akasema Desemba hapandi mtu. Ulitaka paa moja, na mimi kwa tepu ya mita thelathini nilikuwa nimewagawa watu ishirini.

Niliendelea na kazi. Niliwachorea watu nyumba zao, nikavuka Mnazi Mmoja kila wiki na ramani kwapani kwenda kuzichapisha, nikarudi. Kama ungeniona ungesema niko sawa. Nilikuwa sawa kama mtu anayesubiri kukubaliwa kwamba ana haki.

Siku moja mwezi wa nane nilivuka kwa Bi Zuhura kunywa chai. Akaniuliza nyumba imefika wapi. Nikamweleza yote, na nikamaliza kwa kusema, "Bi Zuhura, wewe shahidi. Hatua ya Baba imewahi kukosea?"

Alikuwa anakunja kanga. Akaacha. Akaniuliza, "Hatua ipi, mwanangu? Ile yake ya zamani au ya mwisho?"

Nikamwambia simwelewi.

Akanieleza taratibu, kama anavyomweleza mteja mgeni. Kwamba miaka yote kila asubuhi ulivuka kwenda kwake kumsalimia, ukihesabu, na ukifika kizingitini kwake unasema ishirini na mbili. Alizoea namba hiyo mpaka akawa anaiitikia. Kwamba mwaka wako wa mwisho namba ilianza kupanda. Ishirini na nne. Ishirini na sita. Kufika Desemba, kabla hujapanda Moshi, ulifika kwake unasema ishirini na nane, na unashika mlango. Alikuambia, "Mangi, miguu yako ina nini?" Ukamjibu, "Mimi sina kitu, Bi Zuhura. Barabara ndiyo imepanuliwa."

Alicheka aliposimulia, kwa sababu ulimchekesha hata siku ile. Halafu akaona uso wangu, akaiweka kanga chini.

Nilivuka kurudi kwetu nikachukua tepu. Nikaifunga kwenye kizingiti chetu, nikavuka nayo katikati ya watu, mikokoteni ikinipigia kelele, mchuuzi mmoja akiniuliza kama serikali inakuja kubomoa. Nikafika kwa Bi Zuhura. Mita ishirini na mbili. Barabara haikupanuliwa, Baba.

Nikapanda huku juu, nikakaa kwenye meza hii hii. Nikagawa ishirini na mbili kwa ishirini na nane. Hatua yako ya mwisho ilikuwa sentimita sabini na nane na kitu. Nikazidisha kwa kumi na nne. Ikaja kumi na moja. Nikafuta, nikapiga tena, na mara ya tatu nikapigia karatasi kwa mkono, kwa sababu sikutaka kuamini kikokotoo. Kumi na moja.

Isale halikuwa limehama. Wewe ndiye uliyekuwa umepungua.

Hapo ndipo mengine yote yalipokuja kwa foleni. Kwamba uliacha viatu ukaanza kuvaa kandambili dukani, ukasema viatu vya siku hizi vinabana. Kwamba ulihamishia kiti chako karibu na kaunta. Kwamba ulianza kuniita nishuke nikuone, badala ya wewe kupanda ngazi hizi kumi na sita kuja kunichungulia. Mimi naweza kuona ukuta umepinda nusu sentimita kutoka upande wa pili wa barabara, naulizwa na mafundi, najisifu nao. Miguu ya baba yangu ilijaa maji mbele yangu mwaka mzima, sikuiona. Naumia, Baba. Nimetafuta neno la kiofisi la kuliweka hapa na sikulipata. Naumia sana.

Nilipanda basi kesho yake. Kuomba msamaha kwa isale nilijua, lakini nilishindwa kulichuma pale mpakani, palepale nilipomtukania. Kwa hiyo nilikuibia jani moja kwenye kaburi lako. Nisamehe na hilo. Nikalifunga fundo, nikamchukua shangazi anitangulie kama inavyotakiwa, tukaenda.

Baba Mdogo alikuwa anakoboa mahindi. Nilipiga magoti, nikamnyooshea lile jani, na ile hotuba niliyoiandaa tangu Chalinze ikanipotea yote. Nilisema tu, "Hatua yake ilikuwa fupi. Sikujua."

Alilipokea. Najua kwamba isale halikataliwi, lakini angeweza kulipokea huku ameangalia pembeni, kuna watu hufanya hivyo. Aliniangalia mimi. Akasema, "Nilijua. Kaka alinikataza kusema."

Akanieleza. Siku ile ya kupima, alitembea nyuma yako. Alikuona unavuta miguu kama mtoto anayejifunza. Alikwenda kukuletea kigoda, na ulipofika hatua ya tisa ulikaa. Ulikaa muda mrefu, umeshika kifua, na ulimwapisha palepale. Ulimwambia, "Aika asijue. Akijua ataacha kuchora, atanipeleka hospitali." Halafu ukasimama, ukasema kumi, ukaendelea.

Yeye alifikiri utanipigia baadaye na kunirekebishia namba. Wewe, nadhani, ulifikiri hatua yako bado ni ileile. Na mimi nilipomwita mwizi mbele ya watu, alikuwa na neno moja tu la kujitetea, na neno hilo alishakuapia kwamba hatalisema. Akachagua kuitwa mwizi.

Hapo nililia. Nililia vibaya, nikiwa nimeshika mahindi ya watu, shangazi akanishika mgongo. Tangu Februari nilikuwa sijalia, watu walikuwa wanaulizana. Basi, wapelekee habari hiyo wanaouliza huko uliko.

Nilizunguka nyumba zote za majirani waliokuwepo siku ile, nikalifuta neno langu mlango kwa mlango, Baba Mdogo akiwa nami. Jioni alikwenda kutoa turubai kwenye mbao.

Nyumba nimeichora upya. Sasa ina urefu wa mita saba, fremu nane. Chumba cha wageni kimekufa. Mama anasema wageni watalala juu na wajukuu, wakikojolewa shauri yao. Mringaringa haukatwi, isale halisogei. Mafundi wameniuliza kwa nini mlango wa jikoni na mlango wa mbele nimeiweka inatazamana kabisa, kwani upepo utapita moja kwa moja. Nimewaambia upite. Mstari wako unatoka kwenye isale, unaingia mlango mmoja, unatokea mwingine, unafika mtini, na sikutaka ukuta wangu uukate.

Na kuna jambo jingine. Hatua yako ya tisa inaangukia sebuleni, karibu na kioo. Pale nimechora kiti. Fremu tatu zimebaki, na Baba Mdogo anakitengeneza kwa mbao hizo, kimefungwa kwenye sakafu kisihamishwe na mtu anayefagia. Mama aliuliza ni cha nani. Nilimwambia ni cha kupumzikia, yeyote anayechoka akae, na asione aibu kusema amechoka. Aliiangalia ramani kidogo, akaenda kumhudumia mteja.

Sasa naishia hapa, maana huyu wa viatu chini anagombana na Mama na naona Mama anashinda. Pumzika, Baba. Kule uliko hakuna wa kukupima.

Ninakuahidi hivi. Desemba watu wote wakiwa wamefika, kabla hatujala, nitaanzia kwenye isale. Nitatembea kwa hatua zako zile za mwisho, sentimita sabini na nane, nimeshazifanyia mazoezi hapa barabarani na Bi Zuhura ananicheka. Nitahesabu kwa sauti ili kila mtu asikie. Nikifika tisa nitakaa, kwa muda wowote utakaotakiwa. Halafu nitasimama, nitasema kumi.

Mwanao,
Aika